Paka wa Shangazi Hashibi: Njaa Inayobaki Kisukari Kinapolala

Wanachuo wenzangu, najua wengi wenu mkisoma kichwa hiki mtacheka. Bumu halijatoka, watu wanashindia chapati moja na chai ya rangi, halafu mtu anakaa chini anaandika kuhusu njaa ya paka! Vumilieni kidogo. Makala haya ni ya paka, ndiyo, lakini pia ni ya kosa nililolifanya mimi, mwanafunzi wa ualimu, kwa kuliamini somo langu kupita kiasi. Kosa hilo nusura limgharimu mnyama ambaye shangazi yangu anampenda kama mtoto wake wa mwisho.

Paka mwenyewe anaitwa Sultani. Ni dume aliyehasiwa, wa rangi ya chungwa, ana miaka 11, na anaishi na shangazi Morogoro. Zamani alikuwa mnene, kilo 6.8, anatembea kama mwenyekiti wa kijiji. Kisha akaanza kuwashwa ngozi, akachomwa sindano za kutuliza mwasho zaidi ya mara moja. Zilikuwa dawa za kundi la steroidi. Dawa hizo zina kazi yake, lakini kwa paka mnene na mzee zinaweza kupandisha sukari. Baada ya miezi michache Sultani akawa anamaliza bakuli la maji kabla ya adhuhuri, anakojoa kila kona, anakula bila kushiba na huku anakonda. Shangazi hakuhitaji kuambiwa. Yeye mwenyewe ana kisukari, anameza vidonge mwaka wa tisa huu. Alimtazama akasema, "Wewe na mimi sasa ugonjwa mmoja."

Vipimo vikathibitisha. Sultani akaanza kuchomwa insulini asubuhi na jioni, akabadilishiwa chakula, na baada ya miezi minne hivi sukari yake ikakaa sawa hata bila sindano. Tukafurahi sana. Ila kitu kimoja hakikubadilika: njaa. Saa kumi na moja alfajiri analia. Ukifungua friji analia. Ukipita tu karibu na jiko, analia. Shangazi akawa ananipigia simu chuoni: "Mwanangu, huyu amepona au hajapona?"

Nimetumia likizo mbili kulitafuta jibu la swali hilo, kwa kumsumbua daktari wa mifugo kwa maswali, kwa kusoma, na kwa kukosea. Haya ndiyo niliyoyapata.

KISUKARI KIMELALA, HAKIJAFA

Tuanze na msingi. Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho, na kazi yake ni kuziwezesha seli za mwili kuipokea sukari iliyomo kwenye damu. Kwa paka wengi wenye kisukari, tatizo linafanana na lile la watu wazima wa aina ya pili: mwili unakuwa mgumu kuitii insulini, na kongosho linachoka kwa kujaribu kufidia. Unene unachangia sana. Kukaa ndani bila kukimbiakimbia kunachangia. Dawa za steroidi nazo zimo.

Ila paka ana bahati moja. Sukari ikidhibitiwa mapema, kongosho linaweza kupumzika na kurudi kazini. Paka akikaa angalau wiki nne bila insulini, sukari yake ikiwa ya kawaida na dalili zikiwa zimeondoka, madaktari huhesabu kwamba yuko katika nafuu. Mimi napenda kusema kisukari kimelala. Sisemi amepona, kwa sababu udhaifu ule wa kongosho bado upo, na paka wengine hurudiwa na ugonjwa baada ya miezi au miaka. Kwa hiyo shangazi alipouliza "amepona au hajapona," jibu la kweli lilikuwa kwamba yuko salama leo, na kila wiki tunatakiwa kumwangalia tena.

NJAA ZIKO TATU

Hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo. Paka akilia mbele ya bakuli, sisi tunasikia neno moja tu: nipe. Lakini njaa hiyo inaweza kutoka sehemu tatu.

Ya kwanza ni njaa ya ugonjwa. Kisukari kikiwa macho, sukari inajaa kwenye damu lakini seli haziipati. Ni sawa na bwenini kuna gunia la mchele na hakuna jiko. Ubongo nao, kwa kukosa ishara ya insulini, hauambiwi kwamba chakula kimefika. Paka anakula na anabaki na njaa kweli kweli, hajifanyi. Na si kisukari peke yake. Paka mzee anaweza kupata ugonjwa wa tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, ambayo ikizidisha kazi mwili unaunguza chakula haraka: anakula sana, anakonda, hatulii. Magonjwa ya utumbo na minyoo nayo huleta njaa ya namna hiyo. Dawa za steroidi zenyewe huongeza hamu ya kula.

Ya pili ni njaa ya chakula. Paka amepunguziwa kiasi ili asinenepe tena, lakini kimepunguzwa mno. Au kiasi kinatosha kwa macho na aina yake haimfai. Au amepoteza misuli wakati wa ugonjwa na sasa mwili unadai malipo.

Ya tatu ni njaa ya mazoea. Wakati wa ugonjwa paka alilia, akapewa. Akalia tena, akapewa. Ugonjwa umelala, somo limebaki kichwani.

Njaa zote tatu zinatoa sauti ileile. Kwa kusikiliza tu huwezi kuzitofautisha, hata kama unampenda paka kiasi gani.

KOSA LANGU

Likizo ya kwanza nilifika Morogoro nikiwa na saikolojia ya elimu kichwani, mbichi kabisa, mtihani nimeufanya wiki iliyopita. Mnaosoma ualimu mnamjua B. F. Skinner, yule mwanasaikolojia wa Marekani na majaribio yake ya panya na njiwa. Alionyesha kwamba tendo likilipwa linarudiwa. Alionyesha pia kwamba tendo linalolipwa mara mojamoja, bila mpango, ndilo gumu zaidi kufutika. Njiwa aliyezoea kupata punje kila akidonoa, ukiacha kumpa, anakata tamaa mapema. Yule aliyekuwa anapata mara nyingine na mara nyingine hapati ataendelea kudonoa muda mrefu, kwa sababu hajui bahati yake iko wapi.

Nikamtazama Sultani, nikamtazama shangazi. Siku tatu anamvumilia, ya nne anamrushia kipande cha samaki. Nikasema nimeshapata jibu! Huyu paka hana njaa, ana shule. Nikamweleza shangazi kwa kujiamini kama niko mbele ya darasa: tumpuuze, asipewe chochote akilia, wiki mbili tu kelele zitakwisha.

Shangazi hakupenda. Alisema, "Wewe hujawahi kuwa na njaa ya sukari. Mimi naijua. Unakula sahani nzima, na ukiondoka mezani tumbo linakuuliza utakula saa ngapi." Lakini mimi ndiye msomi wa nyumba, akanikubalia.

Sultani alilia wiki ya kwanza. Wiki ya pili akalia zaidi. Mimi nikatulia, kwa sababu vitabu vinasema hivyo: tendo likinyimwa malipo huzidi kwanza kabla ya kupungua. Yaani kila dalili ya hatari ilivyoongezeka, nadharia yangu iliihesabu kuwa ushahidi kwamba niko sahihi.

Aliyeniamsha ni bakuli la maji. Asubuhi moja nililikuta tupu, na nilikuwa nimelijaza usiku. Tukamtia Sultani kwenye kapu tukampeleka dukani kwa Mangi, kwenye mizani ya kupimia mchele. Tukatoa uzito wa kapu. Alikuwa kilo 4.8. Mwezi mmoja kabla alikuwa 5.2. Siku hiyohiyo tukaenda kwa daktari, sukari ikasoma 19. Kisukari kilikuwa kimeamka, na mimi nilikuwa nampuuza mgonjwa kwa jina la nidhamu.

Daktari alimfungua mdomo akatuonyesha fizi zimevimba na jino la nyuma limeoza. Akatueleza kwamba maambukizi ya namna hiyo yanaweza kuufanya mwili uigomee insulini. Jino likang'olewa, sindano zikarudi. Njiani kurudi nyumbani shangazi hakuniambia neno, na ukimya ule ulinichoma kuliko kama angenifokea.

PIMA KWANZA, HUKUMU BAADAYE

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, na ndiyo kubwa kuliko zote, ni kwamba usiite njaa tabia kabla hujaondoa ugonjwa. Vipimo vya nyumbani si vigumu.

Uzito. Mpime kila wiki, siku ileile, mizani ileile, uandike kwenye daftari. Paka anayelia njaa huku uzito umetulia ni habari moja. Anayelia njaa huku anakonda ni habari nyingine, na hiyo ni ya kwenda kwa daktari bila kusubiri mwezi uishe.

Maji na mkojo. Jaza bakuli kwa kikombe kilekile, uone asubuhi kimebaki kiasi gani. Angalia mchanga wake wa chooni: mabonge ya mkojo yakiwa makubwa na mengi kuliko kawaida, kuna jambo.

Mkojo wenyewe. Famasi nyingi huuza vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo. Kwa paka, sukari huanza kumwagikia kwenye mkojo ile ya damu ikifika kama 14 hadi 16, kwa kipimo kile kile cha milimoli tunachotumia hospitali zetu. Maana yake kijiti kikibadilika rangi, mambo yamekwenda mbali. Na kisipobadilika, usisherehekee sana.

Damu. Mashine ya shangazi ya kupima kidole inaweza kutumika kwa tone la damu kutoka ukingo wa sikio la paka, daktari akikufundisha. Lakini jua mambo mawili. Mashine za watu kwa kawaida husoma chini kidogo ya sukari halisi ya paka. Na paka aliyeogopa hupandisha sukari kwa hofu tu. Paka mzima akiwa ametulia huwa kwenye 4 hadi 7 hivi, lakini mkamate kwa nguvu umfungie kwenye kapu, anaweza kuvuka 10 bila ugonjwa wowote. Ndiyo maana namba moja haitoshi. Daktari ana kipimo cha fruktosamini kinachoonyesha wastani wa sukari ya wiki mbili tatu zilizopita, na hicho hakidanganywi na hofu ya siku moja.

Onyo moja nalikoleza: kama nyumbani kuna insulini iliyobaki, usimchome paka kwa sababu tu analia njaa. Paka aliye katika nafuu akichomwa insulini asiyoihitaji, sukari inaweza kushuka hadi akazimia au akafa. Na yule ambaye ghafla anaacha kula, anatapika, amelegea, huyo hasubiri kesho.

CHAKULA KINACHOSHIBISHA PAKA

Daktari akisema vipimo ni vizuri, ndipo unaangalia bakuli.

Paka ameumbwa kula nyama. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga kama yetu, na ulimi wake hauhisi hata utamu. Ukiona paka anakimbilia mandazi, jua anafuata mafuta. Sasa fikiria tunavyowalisha: ugali uliochovywa mchuzi wa dagaa, wali uliobaki, mkate na maziwa. Tumbo linajaa, sukari inapanda, na mahitaji ya protini hayajatimia. Baada ya saa mbili analia tena, na ana haki. Hata vile vyakula vikavu vya dukani, vingi vina wanga mwingi, maana kutengeneza zile punje kunahitaji wanga.

Chakula kinachompendelea paka wa namna hii ni chenye protini nyingi na wanga kidogo sana, na cha majimaji ni bora kuliko kikavu. Maji yaliyomo hujaza tumbo bila kuongeza nguvu inayonenepesha. Hapa bei inauma, sitaficha. Shangazi alipiga hesabu akauliza kama paka huyu anasomeshwa chuo. Tulichokubaliana na daktari ni kwamba msingi uwe chakula kamili cha paka cha kopo, na kuku wa kuchemsha awe nyongeza ndogo. Kwa nini isiwe kuku tu? Kwa sababu mnofu peke yake hauna kalisi ya kutosha, na paka anahitaji pia taurini, ambayo akiikosa muda mrefu macho na moyo vinaharibika. Na kuku huyo achemshwe bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, maana vyote viwili ni sumu kwa damu ya paka.

Kiasi je? Paka wa kilo 5 anahitaji takriban kilokalori 200 hadi 250 kwa siku. Panya mdogo mmoja ana kama 30. Kwa hiyo paka wa porini hula panya wanane hivi, mmojammoja, usiku na mchana. Tumbo lake halikuumbwa kwa sahani mbili kubwa. Sultani sasa anakula mara tano, kidogokidogo, jumla ileile ya siku. Kwa paka anayechomwa insulini ratiba ya chakula ipangwe na daktari, lakini aliyelala kisukari anaweza kugawiwa hivi bila shida, na badiliko hili peke yake lilipunguza kelele kuliko chochote nilichojaribu.

Na kama bado ni mnene, apunguzwe taratibu, isizidi asilimia 1 ya uzito wake kwa wiki. Kwa paka wa kilo 6 hiyo ni gramu 60 tu. Usimshindishe njaa hata siku mbili. Paka mnene akikosa chakula ghafla, mafuta yanakimbilia kwenye ini na anaweza kufa.

SASA SKINNER ANAWEZA KUINGIA

Skinner hakukosea. Aliyekosea ni mimi niliyemwingiza darasani kabla ya daktari.

Uzito ukiwa umetulia, maji ni ya kawaida, chakula ni sahihi, na paka bado anakuita saa kumi na moja alfajiri, hapo una haki ya kusema ni mazoea. Usimwadhibu. Badilisha malipo. Mpe chakula kwa ishara isiyo kilio chake, na mpe akiwa kimya. Shangazi alichagua adhana ya alfajiri: ikiisha, na Sultani akiwa ametulia, bakuli linashuka. Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Mwezi wa pili nilimkuta amekaa mlangoni pa jiko, masikio yameelekea msikitini, kimya kama mtu anayesubiri matokeo.

Jambo la pili, mfanyishe kazi. Tulikata matundu kwenye chupa ya plastiki, tukalainisha kingo zake, tukatia vipande vya kuku. Anaipiga mateke nusu saa. Paka wa ndani mara nyingi analia kwa kukosa la kufanya, na njaa ndiyo lugha pekee tunayomjibu.

La tatu, nyumba nzima ikubaliane. Mtoto wa jirani akiendelea kumpa vibanzi dirishani, ninyi mnafundisha somo moja na dirisha linafundisha jingine. Na kama mtu ana huruma ya kumpa kitu, basi kitoke kwenye jumla ya siku. Shangazi sasa ana kibakuli chake cha huruma: kila asubuhi anatenga vipande sita vya kuku kutoka kwenye mgao. Akishindwa kuvumilia, anachukua humo. Vikiisha, vimeisha kwa wote wawili.

Insulini ilisimamishwa tena baada ya wiki tisa. Leo Sultani ana kilo 5.1. Bado analia, hasa akisikia friji. Tofauti ni kwamba ukutani jikoni kuna daftari limening'inizwa kwa uzi, na kabla ya yeyote kusema "huyu ni mlafi tu" inabidi alifungue kwanza.

Mwakani naenda kufundisha. Najua darasani nitakutana na mtoto atakayepiga kelele, au atakayelala, au atakayeuliza kila dakika saa ya kula ni saa ngapi. Nina nadharia nyingi za kumpangia. Naomba tu nikumbuke kumuuliza kwanza kama amekula.